Simu Tatu za Mama Yustina

Nalala bila kujua kwamba nalala, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka sasa, kwa sababu hata nikirudi nyuma kwa makini sioni mahali pa mkato, pale ambapo huku kunaishia na kule kunaanza. Ni Jumanne, saa nne asubuhi. Mimi Mwavita, fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye mgongo uliokwisha kwa kuinama, nimejilaza mbele ya mashua ndogo nyeupe katikati ya bandari ya Kigoma, kichwa juu ya mfuko wa nguo, miguu imeelekea mlingoti. Nyuma kabisa, kwenye usukani, ameketi rafiki yangu Anzelma. Yeye ni mtunzaji wa nyumba ya wageni iliyo ukingoni mwa ziwa, na mashua ni ya nyumba hiyo. Wageni wasipokuwepo lazima itolewe angalau mara moja kwa wiki ili tanga lisiote ukungu, na yeye huitoa Jumanne, na mimi hufunga kibanda changu nikamfuata. Inakaribia miaka mitatu sasa. Alinijia wiki ile ile tuliyomaliza arobaini ya mama yake, akasimama mlangoni kwangu, akasema, Mwavita, twende majini, nchi kavu inanibana. Tangu hapo hatujakosa ila siku za dhoruba. Hatuzungumzi sana. Bandari ya siku ya kazi, asubuhi kama hii ambapo hakuna meli inayotarajiwa, inapendeza kwa ukimya wake: winchi limesimama limekunja shingo, meli kuukuu imefungwa gatini, mlinzi anaosha soksi zake kwenye ndoo. Upepo ni wa kusukuma tu, hauna papara. Anzelma anatafuna karanga na maganda anayatia mfukoni, hapendi kuyatupa ziwani. Lala kidogo, ananiambia, uso wako umechoka. Nikilala utanipindua, nasema. Nikikupindua utaamka, anasema, na tunacheka.

Halafu anasema, macho yake yako kwenye tanga, Keshokutwa anatimiza miaka mitatu. Najua anamsema mama yake, Mama Yustina. Mungu amrehemu, nasema. Anasema, Kinachonipa nafuu ni kimoja, alikwenda usingizini, hakumsumbua mtu. Nafumba macho nijifanye nimesinzia, kwa sababu maneno hayo, hakumsumbua mtu, huyasema kila mwaka, na kila mwaka yananiingia palepale. Alinisumbua mimi. Jumamosi ile alasiri, shule zinafunguliwa Jumatatu, nina sketi thelathini ambazo hazijatiwa mikanda, simu yangu iliwaka juu ya meza ya cherehani na jina likatokea: Mama Yustina. Alikuwa mtu wa maongezi marefu. Angeanza na mvua, aje kwenye kuku, apitie kwa padri mpya, na jambo lenyewe alilopigia ulikuwa unalipata chai imeshapoa. Nikasema moyoni, nitampigia baadaye. Ikawaka mara ya pili. Ikawaka mara ya tatu, na nikaifunika kwa kipande cha kitambaa cha bluu. Asubuhi yake jirani alimkuta kitandani, amekwisha kupoa. Na kabla sijajifunga khanga ya kwenda msibani nilizifuta zile simu tatu, moja, mbili, tatu, zisionekane kwa mtu. Anzelma ndiye mtu pekee ninayepaswa kumwambia, na ndiye pekee nisiyethubutu.

Nafumba macho, basi, na nasikia maji yakigonga ubavu wa mashua, tap, tap, tap, na nasikia nafasi kati ya tap na tap ikirefuka, ikirefuka zaidi, mpaka nangoja tap inayofuata na haiji. Nafumbua macho. Bandari ni ile ile. Winchi lipo, meli kuukuu ipo, ila haijafungwa kamba, na wala haisogei. Ziwa limetulia mpaka limekuwa sakafu. Nainama nitazame ndani na naona mji wetu wote uko huko chini, umesimama kichwa chini, maduka yamefunguliwa, kofia za watu zinapita, na watu wenyewe wanatembea huku nyayo zao zimeigusa ngozi ya maji kutokea ndani, kama nzi wanaotembea darini. Huku juu hakuna mtu. Ndoo ya mlinzi ipo, soksi zimeanikwa, mlinzi hayupo. Anzelma, naita. Nageuka nyuma, na usukani unajisogeza polepole, kushoto, kulia, na hakuna mkono juu yake. Najaribu kuogopa, na hofu inakuja kwa kuchelewa, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha mbali.

Mashua inafika gatini yenyewe na kusimama bila kugusa. Amesimama mtu pale, amevaa koti refu la mvua ingawa jua ni kali, na pale panapotakiwa kuwa na uso pana ulaini tu, kama kipande cha sabuni kilichokwisha kwa kuogewa. Sijui kama ni mwanamume au mwanamke, sijui umri wake, kwa hiyo nampa shikamoo. Marahaba, anasema, na sauti haina mahali inapotokea. Umechelewa. Nimechelewa nini, nauliza. Anasema, Kile ulichosema utakifanya. Namuuliza, Wewe ni nani? Anasema, Mimi ndiye Baadaye. Kila mtu unayemwambia baadaye huletwa kwangu, na mimi namtunza. Kisha anageuka na kuanza kupanda barabara ya stesheni, na miguu yangu inamfuata kabla sijaiamuru. Rafiki yangu yuko wapi, nauliza mgongo wake. Yuko mbele yako, anasema, ila yuko nyuma ya kile ulichobeba. Natazama mikono yangu. Sijabeba kitu, nasema. Ndiyo sababu huwezi kukitua, anasema.

Tunapanda, na barabara inapanda nasi, nyumba pande zote mbili ni nyumba ninazozijua lakini milango iko upande usio wake na vibao vya maduka vimeandikwa kuanzia kulia, kwa hiyo kusoma kwangu kunajikwaa. Tunafika juu, na juu ni gatini. Mashua nyeupe imesimama palepale. Tunashika barabara nyingine, ya kwenda sokoni, ndefu, yenye vumbi lisilopaa, tunakwenda, na mwisho wa barabara ni gati, ni mashua. Kuna njia ngapi hapa, nauliza. Anasema, Ni moja, ila ina mianzo mingi. Tunatembea tena, na mara nakiona kibanda changu. Tunakipita. Tunakiona tena. Mara ya tatu nakuta mlango umefunguliwa nusu, na ndani ameketi mwanamke anayeshona, amenipa mgongo, na mgongo ni wangu, na amevaa blauzi ile ya maua ya njano niliyoichana mwaka juzi nikaifanya matambara. Anashona sketi za bluu. Kando yake juu ya meza simu inawaka. Nagonga dirisha. Pokea, namwambia, pokea, ni yeye, pokea! Lakini kila ninachosema kinatoka mdomoni mwangu kama mlio wa cherehani, trrrr, trrrr, na yule mwanamke, bila kugeuka, bila haraka yoyote, anakichukua kipande cha kitambaa. Nagonga kwa ngumi mbili. Kioo hakitoi sauti. Baadaye amesimama kando yangu, ulaini wake umeelekea dirishani. Huwa hasikii, anasema. Umekuja hapa mara ngapi, nauliza. Anasema, Kila siku, tangu ulipofuta.

Nyuma ya kibanda, mahali ambapo pangekuwa na choo cha jirani, pana mlango wa ukumbi wa abiria wa bandari, mkubwa kuliko ule wa kweli, safu na safu za mabenchi, na watu wameketi kimya wote wameelekea upande mmoja, kila mmoja na simu kwenye mapaja. Sina ujasiri wa kutazama kama wana nyuso. Mama Yustina sihitaji kumtafuta. Ameketi benchi la tatu, amejitanda khanga yake ya zambarau, vidole vyake vimevimba kwenye viungo kama nilivyovijua, na uso anao, uso wake kabisa, hata lile kovu dogo juu ya jicho. Napiga magoti mbele yake. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, anasema, huko kwenu kumenyesha? Nasema, Mama, ulinipigia. Ndiyo, nilikupigia. Ulikuwa unataka nini? Ananitazama kwa upole. Nilitaka uzi mweusi, anasema, kitufe cha gauni langu la kanisani kimetoka. Uzi tu, mama? Anatazama mikono yake, na anapoinua kichwa ni kama ndiyo kwanza ananiona. Shikamoo, narudia, na sijui kwa nini narudia. Marahaba mwanangu, huko kwenu kumenyesha? Mama, ulikuwa unataka nini Jumamosi ile? Kifua kilikuwa kinanibana, anasema, nilitaka mtu aje anipeleke. Naushika mkono wake na mkono ni wa baridi ya bakuli lililooshwa. Lipi la kweli, mama, uzi au kifua? Anainama, anainua kichwa. Huko kwenu kumenyesha? Nilikuwa nimeketi peke yangu, anasema mara hii, nikataka tu kusikia mtu akisema halo. Namgeukia Baadaye, nalia sasa, nampigia kelele, Mwambie aniambie moja! Baadaye anasema, Angekuambia moja kama ungepokea. Usipopokea anakuwa na yote.

Sikumbuki kutoka. Nakumbuka tu kwamba tuko gatini tena na mashua imejaa upepo ambao hauko mahali pengine popote, na kwenye usukani ameketi Anzelma, amenipa mgongo, shati lake la mistari, nywele alizosuka juzi kwa dada yake. Nafurahi mpaka nataka kuruka. Baadaye ananiwekea mkono mbele ya kifua. Chombo hakiendi na watu wawili, anasema, mmoja akiwa na mzigo ambao haukutajwa. Kwa hiyo nasimama ukingoni mwa gati, na nauambia ule mgongo. Anzelma, nasema, mama alinipigia siku ile. Alinipigia mara tatu. Niliona jina lake na sikupokea, nikaifunika simu, na kesho yake nikafuta. Ni mimi. Safari hii maneno yanatoka kama maneno, yananyooka juu ya maji, na huko chini kwenye ule mji uliopinduliwa watu wote wanasimama kwa pamoja, nyayo zao zimetulia. Kisha bega la Anzelma linaanza kugeuka, polepole sana, shingo, sikio, shavu, na najua kabla sijaona. Ni laini. Hakuna jicho, hakuna pua. Na kutoka kwenye ulaini ule inatoka sauti ya mama yake, ya kizee, yenye wasiwasi kidogo kama ya watu wasioiamini simu. Halo, inasema. Halo? Halo?

Tap, yanagonga maji. Tap. Naketi kwa ghafla mpaka mashua inayumba, na Anzelma anasema, Taratibu wewe, unataka kutuogesha? Namtazama. Ana uso. Ana ganda la karanga mdomoni. Nauliza, Nimelala muda gani? Hata sijui kama umelala, anasema, ulikuwa unasema halo, halo, kama mtu aliyekosa mtandao. Anataka kucheka, lakini anauona uso wangu na kicheko hakifiki. Bandari ni ile ile. Winchi lipo, meli ipo, na nazitafuta kamba zake, nazipata, nne. Mlinzi sijamwona. Nafahamu kwamba nikingoja sitasema kamwe, nitasema baadaye, kwa hiyo nasema sasa hivi, na kwa sababu nimeshayasema mara moja maneno yanajua njia. Anzelma, mama alinipigia siku ile. Alinipigia mara tatu. Niliona na sikupokea. Kesho yake nikafuta.

Anzelma anaendelea kushika usukani. Mkono wake mwingine unaivuta kamba ya tanga kidogo, unailegeza, unaivuta, kazi isiyohitajika. Mashua inapita karibu na meli kuukuu na kivuli chake kinatufunika, na kivulini simwoni sawasawa, namsikia tu. Simu ya mama ninayo mimi, anasema. Imo kwenye sanduku la nguo zake. Zile simu ulizifuta kwako, kwake hazikufutika. Ulijua, nasema. Tangu wiki ile ile, anasema. Niliona zako tatu. Na chini ya zako tatu niliona zangu nne. Sielewi, na labda anajua kwamba sielewi, kwa sababu anayasema tena polepole, kama mtu anayehesabu watoto kabla ya kuvuka barabara. Alinipigia mimi kwanza, Mwavita. Mara nne. Asubuhi tulikuwa tumegombana, mimi nilitaka ahamie kwangu, yeye akasema nyumba yangu inanuka rangi, nikamjibu vibaya. Mchana akapiga. Nikaona jina lake, nikaigeuza simu kifudifudi, nikasema na ajifunze. Aliponikosa mimi ndiyo akakutafuta wewe. Tunatoka kivulini. Mashavu yake yamelowa na hayafuti. Kwa nini hukuniambia, nauliza. Anasema, Nilikuwa nangoja uanze. Kila Jumanne nasema, leo atasema. Na kila Jumanne usiposema nashukuru, kwa sababu ukisema na mimi itabidi niseme. Ndiyo sababu unanileta huku? Ndiyo sababu, anasema. Na yale ya hakumsumbua mtu? Nilikuwa nakuchokonoa, anasema. Samahani. Alikuwa anataka nini, Anzelma? Anatikisa kichwa. Sijui, mwenzangu. Tutakufa hatujui. Natambaa kutoka mbele, napita chini ya tanga, naketi karibu naye, bega kwa bega, na kwa muda mrefu mashua inakwenda inakotaka.

Tunashuka, tunafunga, tunatandika tanga juani. Njaa inauma kama siku nyingine yoyote, na tunakwenda kwa mama ntilie wa nje ya geti la bandari, tunaketi kwenye fomu, tunaletewa ugali na samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga, na pilipili ya ndimu. Tunakula. Napaswa kuwa mwepesi. Niko mwepesi, ni kweli, ila wepesi wenyewe unanitia shaka: habari imekuja vizuri mno, imeniingia kama sketi niliyojipima mwenyewe. Miaka mitatu nimetaka kusikia kwamba mzigo haukuwa wangu peke yangu, na sasa nimesikia hivyohivyo. Na mbona bandari nzima, tangu tushuke, hatujasalimiwa na mtu? Hata huyu mama ntilie ametuwekea sahani na kurudi jikoni, na sikumtazama usoni, na sasa ameinamia moto. Sitaki kumwita ageuke. Anzelma, nasema. Mm, anasema, anatafuna. Niambie kitu kimoja chako ambacho sikijui. Kitu gani? Chochote, nasema, ila kiwe kitu ambacho mimi kwa akili yangu nisingeweza kukibuni. Ananitazama kama mtu anayepima homa kwa macho. Kwani una nini leo? Niambie tu, namwomba. Anafikiri. Analamba pilipili kidoleni, anatazama huku na huku, halafu anainama kwangu na kunong'ona, kwa haya kidogo. Sipendi migebuka, anasema. Sijawahi kuipenda hata siku moja. Miaka yote hii naila kwa sababu naona wewe unaipenda.

Nacheka. Nacheka mpaka machozi, na yeye anacheka, anapiga meza kwa kiganja. Hili nisingelibuni, nasema moyoni, hili halikutoka kwangu, ni lake, basi niko macho, niko macho kweli, huyu ni Anzelma na hii ni Jumanne. Nashusha macho nifute machozi kwa ncha ya khanga, na naiona sahani yake. Imebaki miiba tu, imepangwa vizuri ukingoni, na kichwa amekifyonza mpaka kimekuwa cheupe.